Aliyeketi Upande wa Ukuta

Haya yalimpata mtu wa ukoo wetu, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kutia chumvi maneno. Gauni likikubana atakuambia umenenepa, basi. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, mlango ukiwa wazi kwa barabara, na chumba cha ndani alilala mama mwenyewe. Kati ya cherehani na kitanda palikuwa na pazia tu, la kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule.

Mchana huo alikuwa akipandisha pindo la gauni la jirani, Mama Mapacha, ambaye hakuwahi kuja kwa fundi kwa ajili ya nguo peke yake.

"Usiniachie nafasi kiunoni, fundi. Nataka mume wangu aone anachokilisha."

"Akizidi kukilisha litapasuka."

"Lipasuke! Si wewe upo?"

Wakacheka wote wawili. Nyuma ya pazia Mama naye akacheka, ingawa hakuwa ameelewa neno hata moja.

Kiharusi kilipompata Mama, kilimwachia mkono mmoja, lugha moja, na nywele fupi alizokatwa kwa mkasi huko hospitali. Lugha ya mtaa, aliyoitumia miaka yote kuuza, kununua na kugombana, ilimtoka kama chaki ubaoni. Ikabaki lugha ya kwao tu. Na watu wa kwao walikuwa wametawanyika kama shanga za uzi uliokatika. Mtaa mzima hapakuwa na mwingine wa kumwamkia.

Fundi aliielewa lugha hiyo, lakini kuisema kulimshinda. Alilelewa kwa shangazi yake, mji mwingine, akarudi kwa mama yake akiwa msichana mkubwa. Akijaribu kuongea, maneno yalitoka kama nguo iliyokatwa na mtu mmoja ikashonwa na mwingine. Mama alimsikiliza kwa subira, kama anavyosikilizwa mtoto wa jirani, kisha akafumba macho.

Aliyeiweza ni mdogo wake, aliyezaliwa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Huyo alikulia mgongoni kwa Mama. Aliongea kama kikongwe, na mafumbo yake, na matusi yake matamu, na zile hadithi ndefu ambazo hata Mama mwenyewe alianza kuzisahau katikati. Kila alasiri Kitinda alitoka kazini akapitia hapo. Alisimama mlangoni, akabisha hodi kwa lugha ya kwao, na Mama akaitikia karibu kabla hodi haijaisha.

Watu wa kwao walikuwa na jambo moja ambalo majirani hawakuwa nalo. Mtu akibisha kwa lugha ya kwao, haulizwi ni nani. Hukaribishwa kwanza, mengine yatajulikana akishakaa. Walikuwa wachache mno kuanza kuulizana. Kusema "nani?" kwa mtu wenu ilikuwa sawa na kumfungia mlango usoni.

Kazi ya Kitinda ilikuwa kuingiza sauti kwenye tamthilia za nje. Akilia mwanamke wa mbali kwenye skrini, sauti iliyosikika ilikuwa yake.

"Nimelia machozi ya watu mpaka nimechoka, dada," alimwambia Fundi. "Nimeolewa, nimeachwa, nimepigwa risasi, na hakuna anayenijua njiani. Nataka uso wangu."

"Uso unao. Nani kakunyang'anya?"

"Wewe unajua ninachosema."

Alijua. Ndiyo maana siku Kitinda alipoitwa kwenye usaili wa tamthilia kubwa, Fundi alimshonea gauni usiku kucha na hakutaka asante.

Mwongozaji alimpenda. Alimwambia sura anayo, machozi anayo, kusimama anajua. "Tatizo ni moja," akasema. "Ukifungua mdomo, mtazamaji anamjua mama yako kabla hajakujua wewe. Nenda kwa Mwalimu akakusafishe, halafu urudi."

Mwalimu wa sauti alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye chumba ambacho kuta zake zote zilivikwa kitambaa kizito. Ukipiga kofi humo, Kitinda alisema, kofi linakufa mkononi. Palikuwa na viti viwili vilivyotazamana. Kwenye kimoja aliketi mwanafunzi. Kingine kilikuwa kitupu. Mwalimu alikaa nyuma, kimya, akifuma.

"Anafundisha nini sasa, akiwa nyuma yako?" Fundi aliuliza.

"Hafundishi. Anamwaga. Naongea na kile kiti kwa lugha ya kwetu, chochote nilichonacho, kwa moyo wote. Nikimaliza, nasema 'chukua'."

"Kuna mashine inayorekodi?"

"Hakuna mashine, dada. Ni kiti tu."

"Na umeongea nini leo?"

"Leo salamu. Kesho nyimbo alizonibembelezea Mama." Kitinda alitazama kucha zake. "Leo alitaka zaidi, Mwalimu akasema taratibu."

"Nani alitaka zaidi?"

Kitinda akacheka. "Mimi, nani mwingine? Kiti kitatakaje?"

Fundi akatia uzi sindanoni. Ilimchukua muda kulipata tundu.

Mabadiliko yalianza na mambo madogo. Mwongozaji alitaka misuko ifumuliwe, ikafumuliwa, nywele zikanyooshwa na kushushwa mabegani. Maneno ya Kitinda yakanyooka vilevile. Alianza kuongea lugha ya mtaa kama msoma habari, kila neno limepigwa pasi. Mama Mapacha alipomsikia alishika kiuno.

"Ala! Kitinda, mbona siku hizi unaongea kama tangazo la benki?"

Walicheka. Lakini alasiri hiyohiyo Mama aliomba shuka, kwa neno ambalo Kitinda alilijua kabla hajajua kutembea, na Kitinda akabaki akitabasamu tu kando ya kitanda. Mama akarudia. Kitinda akageuka kumtazama dada yake.

"Shuka," Fundi alisema. "Anataka shuka."

"Najua. Nilikuwa nawaza kitu kingine."

Wiki hiyo alikosa kuja mara kadhaa. Alipokuja, hakubisha hodi. Aliingia tu.

Mkataba ulipotiwa sahihi, Kitinda alifika na furaha yake yote, amebeba mto mpya wa kitanda. Aliketi kwenye kigoda, akashika ule mkono mzima wa mama yake. Mama akaanza kumsimulia jambo. Alisimulia kwa muda, akicheka katikati, akangoja jibu. Fundi alikuwa amesimama penye pazia, ameelewa yote. Lilikuwa swali jepesi: kama bado anaikumbuka siku aliyoanguka kisimani.

Kitinda alifungua mdomo. Hapakutoka kitu. Alikuwa kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi katika nyumba ambayo si yake.

Mama alimtazama kwa muda. Hakukasirika. Alitoa mkono wake polepole, kama unavyoutoa kwa mgeni aliyeushika kwa bahati mbaya, akajigeuza upande wa ukuta.

Njiani Kitinda alilia. Fundi alimsindikiza mpaka penye gari lililotumwa kumchukua.

"Mwambie Mwalimu akurudishie," Fundi alisema.

"Nilishamwuliza. Anasema kilichomwagwa hakizoleki." Alijifuta kwa uangalifu ili rangi ya macho isichafuke. "Anasema nisijali, hakijapotea. Kisichokaa ndani yangu lazima kikae mahali."

"Mahali gani?"

Dereva akapiga honi. Kitinda akaingia garini. Upigaji picha ulikuwa mji mwingine, mbali.

Basi zikapita siku mbili tatu za ukimya. Mama hakula. Alilala ametazama ukuta, na Fundi alimlisha uji kwa kijiko, nusu ukiishia kwenye mto. Kitanda kilisukumwa kikagusana na ukuta upande huo, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba. Hata ufagio haukupita hapo.

Alasiri moja Fundi alikuwa akishona mkono wa koti. Cherehani ikapiga kelele, ikanyamaza alipofika mwisho wa mshono. Katika ukimya huo akasikia hodi.

Ilibishwa kwa lugha ya kwao. Kwa sauti ya Kitinda, ile ya zamani, yenye mafua kidogo na kicheko ndani yake.

"Karibu, mwanangu," Mama akaitikia. "Karibu, karibu."

Fundi alishusha pumzi. Kitinda amerudi, akajisemea, amepitia mlango wa nyuma ili asikutane na watu. Akawaacha. Alishona mkono wa pili wa koti huku akitabasamu, akisikiliza sauti mbili zikipokezana nyuma ya pazia, salamu ndefu za kwao zisizoisha, habari ya huyu na habari ya yule. Alipomaliza akachemsha chai, akaweka vikombe vitatu kwenye sinia, akalisogeza pazia kwa kiwiko.

Mama alikuwa peke yake. Uso wake ulielekea ukutani, na mashavu yalikuwa na maji ya kucheka.

"Yuko wapi?" Fundi aliuliza kwa lugha yake ya kuungaunga.

"Ametoka kidogo," Mama alisema. "Umepishana naye."

Fundi alikwenda mlango wa nyuma. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Juu yake palikuwa na utando wa buibui, mzima, haujakatika.

Alipiga simu. Kitinda akapokea katikati ya kelele za watu na jenereta. "Niko kazini, dada, kesho tunamaliza tukio la soko. Mama hajambo?"

Fundi alitazama vikombe vitatu.

"Hajambo," akasema. "Leo amecheka."

Tangu siku hiyo ilikuja kila alasiri. Hodi, karibu, kisha mazungumzo. Na Mama akaanza kula. Alimaliza bakuli akaomba lingine. Muuguzi aliyekuja kumpima alishangaa, akasema chochote mnachompa, endeleeni kumpa. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mama aliyekuwa akikufia mikononi anacheka. Ufunge mlango upi, wakati haukufunguliwa wowote?

Akajipa kazi ya kusikiliza. Na alikuwa mtu wa vipimo, mwenye kuona mshono uliopinda kwa unywele. Haikumchukua muda kugundua kwamba ile sauti haikusema jambo jipya. Kila hadithi ilikuwa ile Kitinda aliyowahi kuisimulia, na vituo vilevile, na kikohozi kilekile mahali palepale. Mzaha juu ya mbuzi wa jirani ulirudiwa jana, ukarudiwa leo. Mama alicheka kila mara kama mara ya kwanza.

Kisha ikaanza kuuliza.

"Mama, nilizaliwa mvua ikinyesha?"

Mama akaeleza.

"Nani alinishika kwanza?"

Mama akaeleza.

"Nywele zangu zilikuwaje? Nilianza kwa mguu upi? Nilipokuwa naumwa, ulinishika hivi, au hivi?"

Mama alieleza yote, kwa raha, kama mtu anayefungua sanduku la nguo za mtoto, akizitoa moja moja. Na kila aliloeleza, kesho yake sauti ililisema yenyewe, kama kumbukumbu yake.

Siku moja iliuliza kwa kunong'ona.

"Na yule anayeshona ni nani?"

"Huyo ni dada yako," Mama alisema.

"Mbona hanisalimii?"

Mguu wa Fundi ulikuwa juu ya pedali. Haukushuka.

Aliyemkurupusha ni Mama Mapacha. Alivuka barabara mbio, kiatu kimoja mkononi. "Fundi! Njoo uone! Kitinda yupo kwa kinyozi!"

"Yupo wapi?"

"Kwenye televisheni, mama! Anahojiwa, sasa hivi, moja kwa moja. Ona alivyokaa kama malkia!"

Duka la kinyozi lilitazamana na nyumba yao. Fundi alisimama kwenye kizingiti. Mbele yake, ng'ambo, mdogo wake aling'aa kwenye kioo, nywele zimeshuka mabegani, wateja wenye mapovu ya sabuni usoni wamegeuza shingo kumtazama. Nyuma yake, ndani ya nyumba, mdogo wake alikuwa akimsimulia Mama habari za kisima.

"Kumbe naye Kitinda ana pacha?" Mama Mapacha alisema, sikio likielekea kwenye pazia. "Maana nasikia..." Hakumaliza. Alivaa kiatu chake taratibu.

Mtangazaji alikuwa anauliza. Kinyozi akaongeza sauti.

"Mashabiki wanabishana. Hebu tumalize ubishi. Kwenu wapi?"

Kitinda alitabasamu lile tabasamu jipya. "Mimi ni wa kila mtu," akasema. "Sina kwetu."

Nyuma ya pazia, mazungumzo yalikatika.

Kikafuata kicheko. Kirefu. Cha furaha, kama cha mtu aliyekabidhiwa funguo.

Mama Mapacha aliondoka bila kuaga. Gauni lake lililokuwa kwa fundi alimtuma mwanawe alifuate.

Fundi hakungoja. Alimpigia mdogo wake akamweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza. Alidhani atachekwa. Badala yake alisikia pumzi tu, halafu sauti ndogo sana.

"Dada, imeshauliza jina langu? Mwalimu alisema ikilipata imemaliza."

"Bado."

"Nakuja."

Alifika kesho yake mchana, miwani nyeusi, kitambaa kichwani. Kabla ya hapo alikuwa amepitia kwa Mwalimu. Alikuta kiti cha mwanafunzi kina msichana mwingine, mdogo, anayeongea na kile kitupu kwa lugha ya kwao yeye, machozi yakimtoka. Mwalimu hakuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake. Alisema tu, "Yako haiko tena hapa. Imekwenda ilikokaribishwa."

Kitinda alisimama mlangoni, mahali alipokuwa akisimama kila alasiri. Alitaka kubisha. Mwishowe akasema hodi ya mtaani, ile wanayobisha wauza maji.

Mama hakuitikia.

Wakaingia. Mama alikuwa ameketi, ameegemea mto ule mpya, uso umejaa afya. Alimtazama Kitinda kutoka nywele mpaka viatu.

"Fundi," alisema kwa lugha ya kwao, "mgeni wako huyu anataka nguo gani?"

Kitinda alipiga magoti. "Mama, ni mimi. Dada, mwambie ni mimi!"

Fundi alimwambia. Alitumia maneno yake yote, yale machache. Mama akasikiliza. Kisha akafanya kitu ambacho mama yeyote wa kwao angefanya: akamwita Kitinda jina lake, kwa mwito wa kuvuta, kama anavyoitwa mtoto aliye mbali uwanjani. Mwito huo una jibu lake. Kila mtoto wa nyumba hiyo alikuwa nalo kabla ya meno.

Kitinda hakuwa nalo.

Jibu likaja.

Lilitoka upande wa ukuta, karibu kabisa na bega la Mama, mahali pasipopita ufagio. Lilikuwa kamili. Lilikuwa na kicheko kidogo ndani yake. Kitinda aliisikia sauti yake mwenyewe ikiitikia mama yake.

Akajirusha kwenye bega la dada yake. "Nipe! Nipe hilo jibu, nifundishe, haraka!"

Fundi alimnong'oneza sikioni, silabi baada ya silabi. Na Kitinda, mwenye kipawa, ambaye alishika kurasa nzima kwa kusoma mara moja, alilishika. Akanyanyua uso. Akalisema. Hapakuwa na herufi iliyopotea. Machozi yalishuka mahali panapostahili, sauti ikakatika mahali panapostahili. Kinyozi na wateja wake wangelia.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalijaa huruma.

"Maskini," alimwambia Fundi. "Anaigiza."

Kisha, kwa upole, kama mwenye nyumba mstaarabu: "Msindikize mgeni. Naongea na mwanangu."

Wakatoka. Kitinda alikaa kwenye benchi la wateja mpaka jua likapungua, akisikiliza. Nyuma ya pazia ile sauti ilikuwa inasimulia habari za mgeni aliyekuja leo. Ilisema alikuwa na miwani nyeusi. Ilisema alipiga magoti vizuri. Mama alicheka.

Hilo lilikuwa jambo jipya la kwanza ililolisimulia.

Siku chache baadaye Mama alikufa, alasiri, katikati ya mazungumzo. Fundi alikuwa akikata kitambaa. Alimsikia Mama akisema, "Ngoja, ngoja kwanza nijifunike," na ile sauti ikasema, "Twende tu." Mkasi ukasimama. Aliposogeza pazia, Mama alikuwa ameshakwenda, mkono wake mzima umelazwa juu ya shuka, kiganja wazi, vidole vimekunjwa kidogo. Kama vya mtu aliyeshikwa mkono.

Watu walijaa mazishini, wengi wakiwa wamefuata sura ya televisheni. Kitinda alisimama karibu na kaburi, amejifunga nyeusi, mdomo umefungwa. Hakuweza kulia. Aliniambia baadaye... hapana, alimwambia dada yake, na dada yake ndiye aliyeyahifadhi: kwamba kilio kilikuwa kifuani na hakikujua njia ya kutokea.

Udongo wa kwanza ulipodondoka, kilio kikasikika. Cha lugha ya kwao. Kinamwita Mama kwa majina yake yote, hata lile la utotoni. Watu waligeuka kumtazama Kitinda, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wapiga picha wakasogea. Siku ya pili magazeti yalisema hajawahi mwigizaji kulia vile.

Fundi alikuwa amemshika mkono. Midomo ya mdogo wake ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa myeupe.

Kitinda hakurudi tena nyumbani. Yupo, mnamwona. Ana tuzo, ana nyumba ya ghorofa, na wanasema hakuna anayeongea lugha ya mtaa kwa usafi kama yeye. Dada yake akimpigia huongea vizuri, huuliza afya, huaga. Kama mtu wa benki.

Baada ya matanga Fundi alikivuta kitanda ili apige chokaa chumba kile. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, palikuwa na doa kubwa la mafuta ya nywele. Ndani ya mafuta palikuwa na mistari iliyojikandamiza kwenye plasta, safu kwa safu, ya misuko. Chini yake plasta ilikuwa imelika ikalainika, mabaka mawili, pale panapoegemea mabega. Plasta hailiki hivyo kwa mwezi. Huchukua miaka.

Alipaka chokaa mara mbili. Doa halikurudi. Chumba akakitilia mlango, akaufunga, funguo akazitupa mtoni, na maisha yakaendelea. Watu hawaachi kunenepa wala kuoa kwa sababu umefiwa.

Ilikuwa mchana mtulivu, hata redio ya kinyozi ilikuwa imezimwa. Hodi ikabishwa. Kwa lugha ya kwao. Si barabarani. Ilitoka nyuma ya mlango aliouficha kwa pazia lilelile.

Fundi aliweka mkasi chini. Karibu ilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Tangu Mama alale, hakuwa amesikia lugha ile kwa mtu yeyote, na hakujua mpaka dakika hiyo jinsi masikio yanavyoweza kuwa na kiu. Akaimeza. Akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukifanya.

"Nani?" aliuliza.

Hakujibiwa. Alingoja mpaka shingo ikamuuma. Basi akashika kazi yake, na alipomaliza mshono wa kwanza akaona amefanya vema.

Wiki iliyofuata Mama Mapacha alikuja kupimwa. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaegemea ukuta, akaanza habari za mume wake. Aliponyanyuka apimwe, blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni.

"Fundi," alisema akijipapasa, "huu ukuta wako unatoa mafuta?"

Fundi alisogea kutazama. Palikuwa na alama ya kichwa, yenye mistari ya misuko, safu kwa safu. Ubavuni mwake palikuwa na nyingine, chini kidogo, ya nywele fupi zilizokatwa kwa mkasi wa hospitali. Imeinama. Imeegemea ile ya kwanza, pale begani.

Na upande wa pili wa ile ya misuko, plasta ilikuwa imeanza kulika, kwa kipimo cha mabega ya Fundi mwenyewe, mahali ambapo hapakuwa na mtu bado.